Jinsi bibi yangu alivyomjua mdudu wa pilipili zake kule kambi ya dhahabu Geita, baada ya kumlaumu jirani bure

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi wa jukwaa hili la kilimo, mchangiaji wa mara mojamoja. Leo nimeamua kufungua uzi wangu mwenyewe. Kila wiki namwona mtu analia pilipili zake zinakauka, na chini yake anatajiwa dawa kumi na mbili kabla hata mmoja hajamuuliza mmea ulianza kuumwaje.

Kisa hiki ni cha bibi yangu mzaa mama. Nilikulia kwake Shinyanga mjini, na kazi yangu kubwa utotoni ilikuwa kutoa vikonyo vya pilipili mpaka vidole viwake moto. Tukiwa tumekaa na ungo katikati, ndipo alipokuwa akinisimulia. Nimekisikia mara nyingi kiasi kwamba akisahau kipande mimi namkumbusha.

Chumvi sitatia, wakuu. Pilipili iliyomo inatosha.

Twende taratibu.

Bibi aliitwa Zena, mzaliwa wa Tabora. Aliolewa na babu Salumu, fundi cherehani, wakahamia Shinyanga kwa treni, reli ikiwa bado mpya. Miaka ya thelathini habari zikazagaa kwamba Geita wazungu wamepata mwamba wa dhahabu na wanaandika watu kazi. Babu hakutaka kuchimba, yeye aliwaza suruali. Alisema mtu anayetambaa kwenye mawe kutwa lazima atachana nguo, na aliyechana nguo anamhitaji fundi.

Wakabeba cherehani, lori kipande na miguu kipande, mpaka kambini.

Babu hakukosea hata kidogo. Suruali za kaki zilimjaa mpaka juu ya kitanda.

Bibi naye hakukaa bure. Nyuma ya nyumba alilima bustani ya pilipili, mistari minne. Mstari wa kwanza ulikuwa karibu na barabara ya malori ya kubeba mawe kwenda kinuni, wa nne ulikuwa umegusa uzio wa jirani. Akivuna, anazikaanga na vitunguu na ndimu, anazitia kwenye chupa. Wakati huo mama yangu Hadija alikuwa mtoto wa mgongoni, kwa hiyo kambi nzima ilimjua bibi kama Mama Hadija wa pilipili.

Jirani wa uzio ule aliitwa Mama Yosefu. Huyu ni Mkatoliki wa Ushirombo, Msumbwa, rozari shingoni, amemzidi bibi miaka kama saba. Mumewe alifanya kazi shimoni. Yeye alipika ugali na maharage kwa wafanyakazi wasio na wake, na katikati ya kupika alifua nguo zao.

Sasa oneni biashara yao ilivyoshikana. Ugali wa Mama Yosefu ulikuwa mzuri, lakini ni ugali kama wa mtu yeyote. Kilichowavuta watu ni kijiko cha pilipili ya bibi juu ya maharage. Na pilipili ya bibi bila ule ugali ingeliwa na nani? Mtu halambi pilipili tupu.

Mmoja alienda msikitini na mwingine kanisani, lakini vyungu vyao vilikuwa kama vya nyumba moja. Bibi alimwita "dada", na hakuwa anatania.

Kisha kiangazi kikafika, na shida ikaanza.

Kwanza majani ya mstari wa barabarani yakapata vidoadoa vyeupe, vidogo sana. Babu aliyatazama akasema ni kama kitambaa kilichopitishwa sindano tupu. Baadaye jani linageuka rangi ya shaba, linajikunja, linadondoka. Maua yakapukutika. Pilipili zilizobaki zikawa ndogo na ngozi ngumu.

Bibi akaanza kutafuta mchawi, na hapa naongelea mchawi wa kilimo, wakuu, msiende mbali.

Siku ya kwanza akasema ni viwavi. Akaamka alfajiri akapekua mstari mzima, akapata viwavi wawili, akawasaga kwa kisigino. Siku hiyo alifurahi kweli. Kesho yake majani yameendelea kudondoka.

Akasema basi ni kiu. Akamwagilia shinani mpaka udongo ukawa tope. Ugonjwa ukahamia mstari wa pili.

Akasema hapa dawa ni majivu. Tabora mama yake alikuwa akinyunyiza majivu kwenye mboga, na mboga zinapona. Akapepeta majivu ya jikoni akayamwaga juu ya majani mpaka bustani ikawa kama imenyewa na ndege. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Mstari wa tatu ukaanguka kwa kasi kuliko ile miwili.

Niseme kitu hapa. Majivu si mabaya, hata mimi natumia kwa wadudu wengine. Lakini kwa mdudu yule alikuwa anamtandikia kitanda. Mtaona mbele.

Ikabaki mistari mitatu inaumwa na ule wa nne, wa uzioni, uko kijani kibichi. Mtu mwenye utulivu angejiuliza kwa nini huu umesalimika. Bibi alikuwa na hasira, akajiuliza swali jingine.

Mama Yosefu alikuwa na tabia akimaliza kufua anarusha beseni la maji ya sabuni palepale uzioni. Pale maji yalipotua nyasi zilikuwa zimekufa, ardhi imebaki na ukoko mweupe. Bibi akatazama nyasi zilizokufa, akatazama pilipili zake, akaunganisha. Sabuni imeua nyasi, sasa inapita chini ya ardhi inaua pilipili. Na ule mstari wa nne? Akajijibu kwamba zamu yake haijafika.

Basi siku moja mchana, watu wamepanga foleni ya chakula kwa Mama Yosefu, beseni likarushwa. Bibi akatoka na maneno.

"Dada, hayo maji yako yana nini? Kila kitu unachokigusa kinakufa."

Bibi alikuwa akifika hapo kwenye hadithi anaacha kutoa vikonyo. Alisema neno lilimtoka akiwa anamaanisha maji. Lakini hakusema "maji yanachokigusa". Alisema "unachokigusa".

Mama Yosefu aliinama akaokota beseni, akaingia ndani. Kuanzia siku hiyo maji yake alikwenda kuyamwaga kule bondeni, mwendo mrefu na mzigo kichwani.

Ila lile neno lilikuwa limeshasikiwa na foleni nzima. Na mnajua kambi ya machimbo, wakuu. Mtu anayeshuka shimoni kila siku hachezi na bahati yake. Jioni wakawa wanaulizana, mama yule kila anachogusa kinakufa, na sisi tunakula mikononi mwake? Wiki ya kwanza foleni ikapungua. Wiki ya pili wakabaki watu watano. Nguo pia hazikuletwa tena.

Bibi alikuwa anaona. Alijiambia watarudi tu.

Na mstari wa nne nao, siku kama kumi baada ya maji kukoma, ukapata vidoadoa. Bibi akapiga makofi ya uchungu akasema, mmeona? Sumu ilikuwa imebaki ardhini.

Siku hiyohiyo akasikia kwamba Mama Yosefu anafunga mizigo. Anarudi Ushirombo na watoto, mume atabaki peke yake.

Sasa anaingia mtu wa tatu, Masanja.

Masanja alikuwa Msukuma wa upande wa Shinyanga, kazi yake kuosha sample za mzungu mmoja mtafuta miamba. Analetewa udongo na mawe yaliyopondwa, anauzungusha kwenye karai na maji, taratibu, mpaka uchafu utoke zibaki punje za dhahabu. Wengine hawaoni kitu, yeye anaona. Shingoni alining'iniza kioo cha kukuzia, kizee, kina ufa pembeni, alichopewa na bwana wake alipopata kipya. Alikuwa miongoni mwa wale watano waliobaki kwa Mama Yosefu.

Alikuja kufuata suruali yake kwa babu. Ilikuwa asubuhi. Akasalimia kwa Kisukuma chao, mwangaluka, akakaa, kisha akauliza kwa upole kwa nini siku hizi maharage hayana pilipili. Bibi akamwonyesha bustani na kumweleza habari yote ya sabuni.

Masanja hakubisha. Aliomba sahani nyeupe.

Bibi akampa sahani ya bati. Akaishika chini ya tawi bovu, akaligonga tawi kwa kidole mara tatu. Vikadondoka vumbi, majivu na chembe nyekundunyekundu kama unga wa tofali. Bibi akasema hilo ni vumbi la barabarani. Masanja akaishika sahani vilevile anavyolishika karai, bila kupepesa macho.

Halafu akasema, na yeye "dha" ilikuwa haimtoki sawasawa:

"Shemeji, nimeosha mchanga miaka mitatu. Zahabu haitembei. Na vumbi halitembei."

Bibi akainama. Chembe moja nyekundu ilikuwa inatembea kuelekea ukingo wa sahani.

Masanja akamvulia kile kioo, akamgeuzia jani upande wa chini. Bibi akatazama. Alisema alitamani kurudisha macho nyumbani kwao Tabora. Chini ya jani palikuwa na mji mzima. Vidudu vyekundu mfano wa kupe, miguu minane, wengine wakubwa wengine wadogo, mayai kama shanga za maji, na utando mwembamba umetandazwa juu yao kama chandarua. Mwezi mzima alikuwa ameyatazama majani kwa juu tu, na kwa juu hapakuwa na mtu.

Wakuu, huyo ndiye utitiri mwekundu. Maduka ya pembejeo leo wanamwita red spider mite. Bibi alimwita kupe wa pilipili mpaka anakufa.

Akamuuliza Masanja dawa. Masanja akasema dawa haijui, yeye anajua kuona tu. Lakini akaongeza jambo ambalo mimi huwa naliona ndiyo moyo wa kisa chote. Alisema wao wakipata punje mtoni hawachimbi palepale. Wanapanda na mto wakiuliza punje zinaanzia wapi na zinakomea wapi, ndipo wanaujua mwamba.

"Hawa walianzia wapi, shemeji, na walichelewa wapi?"

Wakatembea mistari yote na sahani. Mstari wa barabarani, ambao malori yanaupaka vumbi kutwa, ndio ulioanza. Kwenye wa pili na wa tatu kupe walikuwa wachache mpaka bibi alipomwaga majivu, ndipo wakafurika. Yaani kupe huyu anapenda mmea mkavu wenye vumbi, na bibi alikuwa amemwongezea vumbi kwa mikono yake. Uzioni walichelewa mno. Siku kumi tu zilizopita palikuwa safi.

"Kwa nini hapa walichelewa?" bibi akauliza, anajiuliza mwenyewe.

Babu alikuwa barazani kwenye cherehani. Hakusimamisha hata gurudumu.

"Huko ndiko alikokuwa anarushia maji," akasema.

Bibi alisema hapo alisikia kila sindano inavyotoboa kaki.

Hakukubali mara moja, na hapa nampenda bibi yangu. Alitaka ushahidi. Akachukua kipande chake cha sabuni ya mche, akaikoroga kwenye maji, akaosha mmea mmoja, jani kwa jani, upande wa chini, halafu akausuuza kwa maji matupu. Wa jirani yake akauacha. Siku ya tatu Masanja akaja na kioo. Mmea uliooshwa ulikuwa na wawili watatu wanaotangatanga. Ambao haukuoshwa ulikuwa mji uleule.

Kumbe yale maji, yakirushwa, mengi yalitua chini yakaua nyasi, lakini matone yaliruka yakaosha mstari wa nne kila siku. Mama Yosefu alikuwa anamlindia pilipili miezi yote ile, bila bibi kujua wala mwenyewe kujua.

Sasa hapa ndipo palipokuwa pagumu, wakuu, si kwenye mdudu.

Bibi alikuwa na sabuni yake mwenyewe. Angeweza kuosha mistari minne kimyakimya, pilipili zikapona, Mama Yosefu akaenda zake Ushirombo, na hakuna ambaye angemuuliza. Masanja hakuwa mtu wa maneno. Babu ndiyo kabisa. Alikiri kwamba wazo hilo lilimjia, na lilikaa naye siku mbili likiwa limevaa nguo nzuri. Jirani ameshaamua kuondoka. Jirani huenda amechoka na kambi. Jirani ana ndugu kwao.

Siku ya tatu mchana akajifunga kanga, akamweka mama yangu mgongoni, akashika sahani ya bati na jani bovu juu yake. Akaenda kupanga foleni kwa Mama Yosefu.

Foleni yenyewe watu wanne, Masanja mmoja wao. Lakini palikuwa njiani, wanaotoka kazini walipita hapo. Wakamwona, wakapunguza mwendo.

Zamu yake ilipofika akaomba ugali. Mama Yosefu akampakulia bila kumtazama. Bibi akakaa chini palepale kwenye vumbi, mbele ya macho ya watu, akala wote, akalamba vidole. Kisha akasimama akasema kwa sauti ya kusikika barabarani:

"Dada, nilisema unachokigusa kinakufa. Nilisema uongo. Pilipili zangu zimeliwa na mdudu, huyu hapa kwenye jani, anayetaka aje amwone. Na zilizopona zilipona kwa maji yako. Nimekuja kukuomba radhi, na nimekuja kukuomba maji."

Mama Yosefu akaweka mwiko chini. Macho yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Maji machafu ya kufulia?"

"Hayohayo."

"Yaliyokuwa sumu."

"Hayohayo, dada."

Mama Yosefu akaokota mwiko wake. Halafu akasema, "Basi mimi sirushi tena. Utakuja uyabebe mwenyewe."

Na bibi aliyabeba! Mwanamke wa Kitabora, mwenye wanja na udi, akawa anapita kambini kila baada ya siku tatu na beseni la maji ya suruali za wachimbaji kichwani. Watu walimcheka, naye akacheka nao. Masanja alipitisha kioo kwa kila aliyetaka kuona kupe wa pilipili, na wengi walitaka. Mchimbaji akishamwona yule mdudu kwa macho yake, hadithi ya mkono wa Mama Yosefu inakosa pa kukaa.

Nguo za kufua zilirudi, na foleni nayo polepole. Si wote. Kuna mzee mmoja hakurudi kula pale mpaka kambi inavunjika, na bibi alimhesabu mzee huyo kama deni lake mwenyewe. Lakini walirudi wa kutosha, na mizigo ya Ushirombo ikafunguliwa.

Kuhusu bustani, kwa wanaotaka mbinu. Majani yaliyojaa utando aliyakata akayachoma moto. Mengine aliyaosha kwa chini, jioni jua likiisha makali, kisha anasuuza kwa maji safi ili sabuni isiunguze. Hakuosha mara moja akaacha, kwa sababu mayai yaliyobaki yanaanguliwa, na ndiyo maana kila baada ya siku tatu. Majivu aliacha kabisa. Upande wa barabara akapanda mtama mnene wa kuzuia vumbi. Kabla ya mvua za kwanza, majani mapya yakatoka laini, na mwezi uliofuata chupa zikajaa.

Chupa ya kwanza alipewa Masanja. Alijaribu kuila kwa kijiko kama uji ili aonyeshe ushujaa, akanywa mtungi mzima wa maji.

Mimi Mama Yosefu nilimkuta. Alikuja kututembelea Shinyanga akiwa bibi kizee, miaka ya themanini, akakaa nasi wiki mbili. Nikamuuliza, kwa utundu, kama kweli alishamsamehe bibi. Bibi mwenyewe alikuwa jikoni anasikia.

Akasema, "Mdudu alimsumbua mwezi mzima hajamwona. Lakini kosa lake alipoliona, halikulala siku tatu. Wako watu wanazikwa nalo, mjukuu wangu."

Kule jikoni bibi akapaza sauti kuuliza kama mgeni anataka chai yake na tangawizi au bila.

Nilichojifunza mimi, wakuu, ni kifupi. Ukiona mmea unaumwa, usikimbilie dawa. Angalia ulianzia wapi, angalia palipopona kuliko palipokufa, gonga tawi kwenye kitu cheupe. Na geuza jani kwanza, kabla hujamgeuka jirani.

Naomba niishie hapo. Wataalamu wa kilimo nirekebisheni nilipoteleza, sitachukia. Na wengine, hata kama hamlimi, niambieni kwenye comment: kuna mtu uliyemlaumu kwa hasara yako, halafu ukagundua kumbe ndiye aliyekuwa anakuokoa? Ulimwendea, au bado?